Pikapu ya Kukokota Nyumba ya Mama Mkwe

Pikapu yangu ya zamani niliipenda kupita kiasi. Ilikuwa nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya chai ya maziwa, kabini moja, ya petroli, na mlango wake wa abiria haukufunguka mpaka uupige goti. Niliinunua mwaka wa pili baada ya kufika Sydney, nilipopata kazi ya kuendesha foklifti ya kuinulia mizigo katika ghala moja kule Minto, na kwa miaka tisa haikuwahi kunikatalia jambo. Ilihamisha nusu ya kanisa letu kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine, vitanda, friji, mapazia na kuku wawili waliokuwa hawaruhusiwi. Mke wangu aliitukana kila alipolazimika kuipanda. Nilimjibu kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda, na kwamba mimi si mtu wa kubabaishwa na vipya.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kenya.

Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, na upande wa mke wangu hasa, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hatupeani mikono. Hatuli meza moja, hatuketi kiti kimoja, hatutazamani usoni, na likiwepo la kuambiana hupitia kwa mtu wa tatu. Zaidi ya yote, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Kule nyumbani jambo hili halisumbui mtu. Mama huja asubuhi, huwaona wajukuu, hunywa chai, na jua likipungua hurudi kwake. Lakini kutoka Campbelltown huwezi kurudi Kenya jioni. Mimi na mke wangu, watu wazima tuliosoma, tulikata tiketi, tukaomba viza ya miezi mitatu, tukanunua shuka mpya za chumba cha wageni, na jambo hilo halikutupitia akilini hata dakika moja, mpaka mama aliposimama mlangoni petu na sanduku lake, akaitazama nyumba kuanzia paani hadi kwenye ngazi, akamwuliza binti yake kwa upole atalala wapi.

Mke wangu alimwonyesha chumba. Mama akakisifu sana, pazia lake na godoro lake, kisha akasema kwamba hicho ni chumba, na yeye ameuliza nyumba.

Usiku huo na ule uliofuata, na wiki nzima, alilala kwa jirani yetu wa mtaa wa pili, mama mmoja Mkongomani kutoka Bukavu ambaye tunasali naye na ambaye kazi yake ni kutunza wazee. Huyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu mama mukwe ndiye anapata chambre ya muzuri," aliniambia. "Mukwe eko analala ku salon. Ninyi Wakenya muko complique." Nilimwambia kwamba si Wakenya wote, ni sisi tu, na tena si sisi wote. Akacheka upya.

Mama hakucheka. Mwisho wa wiki alimwambia binti yake kwamba amekwisha kutuona, ameona tunakula na tunasali, na sasa anaomba tiketi isogezwe mbele arudi kwa ng'ombe wake. Mgeni siku mbili, alisema, na yeye alikuwa amefika siku ya saba, tena nyumbani kwa watu baki. Akaongeza kwamba hatakuja tena. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha: huku hana pa kulala, basi.

Mke wangu alikuwa hajaishi na mama yake tangu alipoondoka nyumbani kwenda chuo cha uuguzi akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amehesabu ile miezi mitatu kwa muda mrefu sana. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia akilia juu ya shuka zile mpya.

Jumamosi iliyofuata, nikitoka kazini, niliona karavani ya zamani, ile nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, mbele ya nyumba ya mzee mmoja kule Minto, na kipande cha kadibodi kimeandikwa kwamba inauzwa. Ilikuwa na mstari wa rangi ya chungwa ubavuni, dirisha lenye pazia la maua, jiko dogo la gesi na vitanda viwili. Niliizunguka mara moja. Sikuona karavani. Niliona paa ambalo si langu. Niliifunga nyuma ya pikapu yangu siku hiyohiyo, nikaikokota polepole mpaka Campbelltown, gari likinguruma kama linalopandishwa ghorofani, nikaiegesha uani nyuma ya mlimau.

Mama aliikagua kwa saa nzima. Aliigonga ukuta. Alitaka kujua kama inagusana na nyumba yetu popote, na alipoona kwamba inasimama kwa magurudumu yake yenyewe, ina mlango wake, paa lake na kizingiti chake, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege. Alipewa ufunguo. Ulikuwa mmoja tu, mzee yule hakuwa na mwingine, naye aliufunga kwenye pembe ya leso yake. Kesho yake alifagia mbele ya mlango wake. Wiki iliyofuata alipanda sukuma wiki kando ya gurudumu la kushoto. Akaanza kumwalika binti yake chai, "njoo kwangu," na mke wangu alikuwa akivuka uani kwenda kwa mama yake akiwa amevaa viatu vizuri kana kwamba anasafiri. Mimi nilipeleka ndoo ya maji mpaka kwenye kizingiti, nikaiweka, nikakohoa, nikarudi. Sikuwahi kuwa na furaha kubwa kama hiyo ya kubeba maji. Habari ya tiketi ikafa.

Mtu wa tatu wetu alikuwa binti yangu, mwenye miaka kumi, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Nyanya yake akimtuma kwangu kwa Kiswahili, ujumbe ulinifikia kwa Kiingereza, ingawa nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka hapo na nimekwisha kuusikia. Nilingoja utafsiriwe. Adabu ni adabu.

Ni kwa njia hiyo nilijua habari ya ng'ombe. Mama anafuga ng'ombe wanne, na ni maziwa yao, na ya mama zao, yaliyomsomesha mke wangu. Alikuwa amesikia kwamba Australia kuna ng'ombe wanaopanga foleni wenyewe kwenda kukamuliwa na mashine, wakapanda juu ya sakafu inayozunguka, wakateremka upande wa pili. Hakuamini. Lakini alitaka kuona kwa macho yake, na hilo ndilo jambo moja aliloliomba katika safari yote. Nchi ya maziwa iko kusini, mwendo wa saa sita kufuata pwani. Mke wangu akachukua likizo ya wiki moja hospitalini. Akaanza kutafuta moteli, kisha akakumbuka, akafunga simu. Moteli ni vyumba vingi chini ya paa moja refu. Ilibidi mama aende na nyumba yake.

Mke wangu aliniuliza kama pikapu itaweza. Nilichukia. Nilimwuliza ni lini iliwahi kushindwa. Bibi mmoja tunayefanya naye kazi ghalani, ambaye kila likizo huzunguka nchi na karavani yake, alinisomea maandishi ya gari na maandishi ya karavani, akanionyesha kwamba karavani ikishapakiwa ingezidi kile ambacho pikapu imeruhusiwa kukokota. Nilimwambia karatasi ni karatasi. Hayo niliyasema mimi, mtu ambaye kila asubuhi husoma bamba la uzito la foklifti kabla ya kuinua chochote, na ambaye niliwahi kumfokea mfanyakazi mpya kwa kuzidisha paleti moja ya mizigo. Kwa chuma cha mwajiri nilikuwa na akili. Kwa changu nilikuwa na mapenzi.

Tuliondoka asubuhi njema. Kabini ilikuwa moja, na siwezi kuketi bega kwa bega na mama mkwe, kwa hiyo mimi nilikokota nyumba peke yangu na wao watatu walinifuata kwa gari dogo la mke wangu. Tulifika juu ya mlima wa Ousley, pale barabara inaposhuka kwenda Wollongong, na malori yote yanashuka kwa gia nzito. Mimi pia niliweka gia nzito. Karavani haikujali. Ilinisukuma mgongoni kama mtu anayetaka kunipita. Nilikanyaga breki, zikanuka. Nikakanyaga tena, kanyagio likaenda mbali zaidi kuliko nilivyolizoea. Niliomba Mungu kwa lugha tatu mpaka chini. Kwenye tambarare nilisimama kando ya barabara, nikakubali kimoyomoyo kwamba safari imekwisha.

Lakini aliyeshuka lazima apande. Katikati ya mlima, tukirudi, pikapu yangu ilitoa mvuke puu, ikazima. Malori yalitupita moja baada ya jingine. Mke wangu aliwatoa mtoto na mama ndani ya gari akawasimamisha nyuma ya kingo za chuma. Mama alijifunga leso vizuri, akainama akatazama magurudumu ya pikapu, akatazama ya karavani, akamnong'oneza mjukuu wake. Mtoto akanijia.

"Dad, Nyanya says it's a calf."

Akaendelea kueleza kwa kirefu, lakini nilikuwa nimekwisha kusikia: kwamba nimefunga ndama kwenye plau ya mafahali wawili, na kwamba kosa si la ndama. Lori la kuvuta magari lilitubeba mimi na pikapu na nyumba, na gari dogo likatufuata.

Jioni hiyo tiketi ilifufuka. Mama alisema hawezi kuua watu kwa sababu ya kutazama ng'ombe, na yeye ng'ombe anao. Afadhali arudi mapema, na nyumba hiyo abaki nayo mtoto aichezee. Alikuwa amebakiza wiki tano. Mke wangu alimwomba angoje wiki mbili tu, kisha alinitazama kwa jicho ambalo sikuhitaji mtu wa tatu kulitafsiri. Nikasema nitatafuta fahali.

Niliiuza pikapu yangu kwa kijana fundi aliyetaka vipuri vyake. Sitaficha, nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi. Kisha tukaenda Auburn, kwenye uwanja wa magari yaliyotumika wa mzee mmoja Mlebanoni, ambaye mwenzangu wa kazini alipendekezewa na watu wa msikiti wake. Kabla hatujatoka nyumbani, mama alisema na yeye anakuja. Nilimwambia mke wangu kwamba magari si ng'ombe. Mama, aliyekuwa nyuma ya mlimau, alimwambia mjukuu wake kwamba kitu kinachokokota ni kitu kinachokokota.

Mzee yule aliniuliza nataka kukokota nini. Nilimwambia ni nyumba ya mama mkwe wangu. Aliniuliza ninataka nini zaidi: nguvu, dizeli, redio nzuri? Nilimwambia nataka kabini mbili, ili yeye akae nyuma yangu na si kando yangu, na karai la nyuma, pale pa kupakia mizigo, liwe refu na lenye kifuniko, maana huko ndiko nitakakolala mimi. Akanitazama sana. Nikamweleza desturi yetu yote, hatua kwa hatua, kwa Kiingereza changu cha ghalani, na alipoelewa aliweka mkono kifuani.

"Ndugu yangu," alisema, "wa kwangu anaishi ghorofa ya juu, na hana mtu wa tatu. Hayo yote huniambia mimi mwenyewe usoni."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuipenda moja: nyeusi, ndefu kwenda juu, matairi makubwa, taa sita paani. Nilijiona ndani yake nikiingia uwanja wa kanisa. Mama aliizunguka mara moja. Aliinua mkono kupima ilivyo juu, akachungulia chini ya tumbo lake, akaguna. Mtoto akaleta jibu: hili ni la maonyesho, limelishwa likanenepa shingo, halijawahi kuvaa nira. Kisha mama akatembea mpaka mwisho wa uwanja, kwa miguu yake ile inayomuuma, akasimama mbele ya pikapu nyeupe ya dizeli, ya kabini mbili, pana nyuma, iliyokwaruzwa karai lote kwa sababu mwenyewe wa kwanza alikuwa mkulima. Aliishika kulabu ya nyuma ya kukokotea. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Akaamuru iwashwe. Alifumba macho akaisikiliza, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa, akamwambia mtoto hii ndiyo, imefanya kazi na haikulalamika.

Nilipandwa na hasira. Mtu na pesa yake, na miaka yake tisa ya udereva, achaguliwe gari na mtu asiyejua hata kuwasha! Nilinuna. Nilisoma maandishi yote, nikitafuta kasoro, nikarudi kwenye ile nyeusi nikasoma ya kwake pia. Ile nyeusi ilikuwa imeinuliwa na watu wa mapambo, na karatasi ya kuithibitisha haikuwepo. Ile nyeupe ilikuwa imeruhusiwa kukokota tani tatu na nusu, na kitabu chake cha huduma kilikuwa kimejazwa kila ukurasa. Mke wangu alikuwa akinitazama huku amebana midomo asicheke. Nikasaini.

Safari hii nilifanya kama niko kazini. Yule bibi wa ghalani alinifundisha kupakia: vizito juu ya magurudumu, vyepesi mbele na nyuma, na kila kitu kipimwe. Jirani yetu Mkongomani alileta maharage, sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, ya kutosha harusi, na sufuria ambayo ingepikia jeshi. Mama alileta gunia la unga wa mahindi kana kwamba kusini hakuna maduka. Nilizoea kupakia kila ninachopewa, maana kwetu mtu hakatai mzigo wa mtu. Nilijifunza kukataa. Sufuria ilibaki, na mwenyewe alinuna siku mbili.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonitia wasiwasi, kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma. Mama angekaa kiti cha nyuma, na kila nikiinua macho ningemtazama usoni. Lakini ukikokota karavani, kioo hicho hakikuonyeshi chochote ila karavani. Dereva hutumia vioo vya nje, vile virefu vya kuongezwa. Basi nilikigeuza kikatazama juu, tukasafiri saa sita bila kukoseana adabu. Tulishuka mlima wa Ousley taratibu, dizeli ikishikilia mzigo yenyewe, nami nikigusa breki mara mojamoja. Nyuma yangu mama alianza kuimba wimbo wa kulimia, mke wangu akaupokea, na mtoto asiyejua maneno akapiga makofi. Niliendesha nikicheka peke yangu. Bahari ilikuwa kushoto, vilima vya kijani kulia, na kila kundi la ng'ombe tulilopita lilihesabiwa kwa sauti.

Tulifika kwenye kambi ya makaravani mchana. Nafasi tuliyopewa ilikuwa kati ya mkalitusi mkubwa na bomba la maji, na ya kuingia kinyumenyume. Mke wangu na mtoto walikwenda ofisini kuandikisha. Mama alishuka mara moja, maana hawezi kubaki na mimi peke yetu garini, akasimama kwenye nyasi na leso yake. Nilitaka kungoja, lakini nyuma yetu gari jingine lenye karavani lilikuwa limefika, dereva wake anangoja nimwachie njia. Kando kulikuwa na wazee sita kwenye viti vya kukunja, na vikombe mkononi, wamegeuza viti kunitazama.

Foklifti naweza kuirudisha nyuma nimefumba macho. Karavani ni kitu kingine. Nilipinda kushoto, ikaenda kulia. Nikaenda mbele, nikajaribu upya, ikaelekea kwenye bomba. Mara ya tatu ilijikunja na gari kama mtu anayejaribu kujiuma kiwiko. Jasho lilinitoka. Mzee mmoja aliinua kikombe kunisalimu. Mara ya nne niliona kwenye kioo cha nje kwamba mama ametoka kwenye nyasi na amesimama nyuma, upande wa mti.

Hakukuwa na mtu wa tatu. Aliangalia ofisini, mlango umefungwa. Akaangalia wazee wa viti, akaona hawafai. Mwishowe aliuambia mti.

"Huyu mtu akizidi kupinda hivyo," aliuambia mkalitusi, kwa sauti ya kunifikia, "nyumba yangu itagonga."

Nilisimama. Nikapinda upande wa pili, nikazidisha.

"Mti, mwambie huyu mtu mkokoteni haurudishwi kwa hasira."

Ni kweli nilikuwa nimekasirika. Nilikanyaga mafuta kuliko ilivyofaa, karavani ikaruka kinyume, na kona yake ya nyuma ikabakiza shubiri moja kufika kwenye gome.

"Simama, mwanangu!"

Nilisimama. Miaka kumi na miwili nimemwoa binti yake, na hajawahi kunisemesha neno. Nilizima mawazo yote nikabaki na masikio tu. Yeye alikuja mbele kidogo, ubavuni, bado akitazama magurudumu na si mimi, akanyoosha mkono vilevile alivyokuwa, kama nilivyokuja kujua baadaye, akiwaongoza mafahali wa baba yake na mkokoteni wa miwa alipokuwa msichana.

"Peleka kichwa kulia, mkia uende kushoto. Polepole. Hapo. Sasa acha kichwa kifuate mkia. Usiogope, mwanangu, mimi nauona."

Ikaingia. Ikaingia moja kwa moja, kati ya mti na bomba, kana kwamba nafasi ilichimbwa kwa kipimo chake. Wazee sita waliweka vikombe chini wakapiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika usukani na machozi yananitoka, na safari hii sikusingizia vumbi.

Mke wangu aliporudi na mtoto, mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye nyasi. Alimwita mjukuu wake akamwambia amwambie dereva kwamba amefanya vizuri. Mtoto alinifikishia. Nikamwomba amwambie nyanya ahsante. Tukawa tumerudi kwenye adabu yetu, na usiku huo nililala kwenye karai la pikapu, chini ya kifuniko, nikiwasikia wao watatu wakicheka ndani ya nyumba ya mama, nikaona sijawahi kulala pazuri zaidi.

Asubuhi tulikwenda shambani. Mwenye shamba, mama mmoja mwenye viatu vya mpira, alitukaribisha tukasimama kwenye daraja dogo juu ya mashine. Ng'ombe walikuja. Walipanga foleni wenyewe, kila mmoja akapanda kwenye sakafu ile inayozunguka, akatulia, akazungushwa, akateremka. Mama alishika kinywa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaketi chini, huku machozi yakimtiririka, akisema wamepanda basi, ng'ombe wamepanda basi. Alitaka kujua majina yao. Alipoambiwa wana namba masikioni, alisikitika kwa dakika nzima. Aliomba akamue mmoja kwa mkono, akaruhusiwa, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe mgeni, na maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo nyingine. Mwenye shamba alisema wafanyakazi wake hawawezi hivyo. Mke wangu alitafsiri. Mama alijibu kwamba hivyo ndivyo alivyosomeshwa huyu anayetafsiri, na mke wangu alishindwa kuitafsiri hiyo.

Alimaliza miezi yake mitatu yote. Uwanja wa ndege aliagana na binti yake na mjukuu wake kwa kukumbatiana, na mimi kwa kuinamisha kichwa hatua nne mbali. Hakusema kama atakuja tena, na hatukuthubutu kuuliza.

Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, mke wangu alitaka birika lililobaki ndani ya karavani. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulitafuta ufunguo chini ya mkeka, kwenye sukuma wiki, ndani ya shuka zake alizotuachia tufue. Mwishowe mke wangu alipiga simu Kenya, akaweka sauti ya kusikika na sote.

"Ninao," mama alisema. "Umo kwenye leso. Mtu akisafiri hufunga nyumba yake."

Mke wangu aliketi kwenye kizingiti cha karavani na simu mkononi. Mama akauliza kama mtoto yuko karibu. Yupo, tukasema. Basi amwambie dereva amwagilie sukuma, na gari aliwashe mara mojamoja, lisisahau kazi. Mtoto alinigeukia kunitafsiria, nami nikangoja amalize, kisha nikaenda kuchota maji.